Wimbo Si Saa ya Karanga

Nina miaka ishirini na nane na nimestaafu. Papa Safari, mwenye ukumbi wa video, alicheka aliposikia neno hilo, akasema kustaafu ni kwa watu wa Serikali wenye mvi. Lakini muuguzi wa kituo cha afya alimulika koo langu kwa tochi, akanituma hospitali, na daktari akakuta vinundu. Aliniambia nikiendelea kupaza sauti nitabaki bila sauti kabisa. Kwa hiyo Neema na Solange, ninyi mnaoshika mikro baada yangu, mliponiuliza kazi hii ya kufasiri katuni inafanywaje sikuweza kuwaeleza kwa mdomo. Ninaandika. Shule yangu iliishia darasa la sita na mkono wangu ni mzito, ukurasa mmoja kwa siku, basi mnivumilie.

Kifaransa changu nilikipata Nguba, mtaa wa wenye nyumba kubwa, nikipiga pasi. Nilifanya kazi miaka minne katika nyumba ya mama mmoja anayefundisha chuo kikuu, tuliyemwita Maman Professeur. Watoto wake walirudi shule saa saba, wakafungua televisheni, na mimi nikawa nimesimama nyuma yao na pasi ya makaa. Walipenda katuni moja ya kuchekesha, ya familia ya mpeleka barua mfupi mwenye kofia inayomfunika macho. Mwaka wa kwanza nilicheka walipocheka wao. Mwaka wa tatu nilianza kucheka kabla yao, na shati moja la baba wa nyumba likaungua kola.

Familia ile ilipohama, nilirudi nyumbani Kasha. Jirani yetu alikuwa na televisheni, na watoto wa mtaa walijazana dirishani kwake. Mimi nilikuwa nakaa chini ya dirisha, mgongo ukutani, nawafasiria wale maneno bila hata kutazama picha, kwa sababu vipindi vile nilivijua tangu Nguba. Mtu akipita nilinyamaza. Nilikuwa mwoga wa watu kiasi kwamba sokoni nilinunua kwa muuzaji asiyezungumza, hata kama nyanya zake zilikuwa mbovu.

Papa Safari ndiye aliyepita siku moja bila mimi kumwona. Zamani alikuwa konvoyeri, utingo wa malori ya Uvira, sauti yake ilisikika kutoka Sange kabla lori halijafika, na katika ukumbi wake alifasiri filamu za vita mwenyewe. Filamu za vita hazina maneno mengi. Lakini Jumapili mchana alikuwa ameanza kuonyesha katuni kwa watoto na mama zao, na katuni ina maneno kama mvua ya Aprili. Alikuja kwetu, akaketi, akamwambia mama yangu:

"Mama Furaha, unipatie ule mutoto wako. Batoto banachoka na mimi. Jana nilifasiria dakika kumi, kumbe ile ilikuwa piblisite, tangazo ya sabuni."

"Huyu hasemake mbele ya batu," mama alijibu. "Hata ku neno la kushukuru ya batizo alikimbia."

"Asiseme mbele. Aseme nyuma."

Hivyo ndivyo rido ilivyozaliwa. Pazia lile la kitenge cha buluu mnalolikuta pembeni ya ekra, kile kioo cha picha, halikuwekwa kwa ajili ya urembo wala kwa ajili ya vumbi. Liliwekwa kwa sababu yangu. Siku ya kwanza nilikaa nyuma yake na mikro iliyofungwa kitambaa ili pumzi zangu zisivume, telekomande ya mashine ya video yenye vifungo vitatu tu vinavyokubali, na kikombe cha maji ya moto ya tangawizi. Kwa tundu dogo niliona ekra, na kwa tundu jingine niliona benchi. Nilisema neno la kwanza na mtoto mmoja akauliza kwa sauti, "Kuko mutu mule?" Nilitaka kutoka kwa kupitia chini ya mabati. Lakini mpeleka barua alikuwa ameshaanza kuanguka kwenye ngazi, na mtu anayeanguka hawezi kungojewa.

Niwaambie mambo machache ya kazi. Kila mtu wa kwenye katuni apewe jina la hapa, tena dakika ya kwanza. Mpeleka barua akawa Papa Posta. Mkewe, fundi wa baiskeli, akawa Maman Velo. Msieleze kichekesho. Mkiona picha inakaribia kuchekesha, malizeni maneno mapema mkae kimya, maana watu hawawezi kucheka na kusikiliza wakati mmoja. Na msinywe maji baridi. Mimi nilikunywa.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa nyimbo. Mnaijua ile katuni: watu wanazungumza vizuri jikoni, ghafla taa zinabadilika, mlango unafunguka, wanatoka wacheza dansi ambao hakuna aliyewaalika, wanapanga mstari na kurusha miguu, na Papa Posta anapanda juu ya meza anaimba mikono wazi. Wakimaliza, pazia jekundu linashuka, maua yanarushwa, halafu wote wanarudi kunywa chai kama hakuna kilichotokea. Watoto wetu waliuliza, "Juu ya nini banaimba? Bamelogwa?" Papa Safari alikuwa na jibu lake. Wimbo ulipoanza aliniita nyuma ya rido: "Ruka! Hiyo ni saa ya karanga." Nilibonyeza kifungo cha kukimbiza picha, na mama mwenye karanga aliingia na beseni lake.

Tatizo ni kwamba wimbo ukirukwa, hadithi inatoboka. Kabla ya wimbo, mkubwa wa posta alitaka kumfukuza Papa Posta kazi. Baada ya wimbo alikuwa anamlilia begani. "Huyu analia nini?" watoto waliuliza, na mimi nilisema, "Amekumbuka mama yake." Nilimkumbusha mama yake mara nyingi yule mtu, mpaka watoto wakadhani ni yatima.

Nikakumbuka neno la Maman Professeur. Siku moja alipita sebuleni, akasimama, akacheka peke yake wakati watoto wake hawachekei kitu. Alituambia kwamba wachoraji wale wanaigiza michezo ya jukwaani ya kuimbwa, ya nchi za mbali, ambayo watu huenda kuitazama wamevaa nguo za Pasaka. "Anayejua ule mchezo anacheka mara mbili," alisema. Mimi nilijiambia: watu wa Kasha hawajui ile michezo, lakini wana haki ya kucheka mara mbili kama wengine. Nikatafuta kitu wanachokijua, na hapo ndipo nilipokosea.

Katika kipindi kimoja wapeleka barua wote wanapanga safu kama kwaya. Mbele yao anasimama mwongoza muziki, mzee mwembamba mwenye shingo ndefu, na kabla ya kuanza anavuta sikio lake. Katika parokia yetu kulikuwa na mtu mmoja tu mwembamba mwenye shingo ndefu anayevuta sikio lake kabla ya kuanza. Ni Maestro Anselme, kiongozi wa kwaya ambamo mama yangu anaimba sauti ya alto. Nilimpa yule wa kwenye katuni sauti ya Maestro, na kikohozi chake, na maneno anayowaambia wanaume wa besi kila Jumamosi: "Bassi, munalala? Hapa haiko oteli!"

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Mabati yalitetemeka. Mama mwenye karanga aliweka beseni chini akajishika mbavu. Jumapili iliyofuata watu waliomba kipindi hicho tena, na ya tatu pia, na Papa Safari aligonga ukuta kwa furaha: "Furaha, wimbo yako imekuwa sinema!" Mimi nyuma ya rido nilijiona mtu mkubwa. Hakuna aliyeniona, na wote walinisikia. Sikutaka kitu kingine duniani.

Jumamosi moja, Noeli ikiwa imekaribia, mama alirudi mapema kutoka mazoezi. Alivua viatu, akakaa, hakuomba hata maji.

"Leo Maestro alivuta sikio," alisema, "na ba-alto bakaanza kucheka. Kisha bassi. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Aliweka fimbo yake juu ya kinanda akasema, 'Bon. Mutafute mwengine, mimi nimezeeka.' Akachukua kofia yake akaenda."

Nilimletea maji.

"Mu njia batoto banamufwata banavuta masikio. Ulijua ile?"

"Apana, mama."

"Sasa unajua. Noeli itafika bila kwaya, na ule muzee anakaa mu nyumba kama mugonjwa. Wewe njo ulimutoa pale kwa kinywa yako. Umurudishe kwa kinywa yako. Mimi sitaenda kukusemea."

Nilimngojea mama abadilishe mawazo siku nzima ya pili. Hakubadilisha. Siku ya tatu nilienda.

Maestro Anselme alikaa uani kwake, redio mapajani, imezimwa. Mke wake, Maman Julienne, alikuwa anachagua maharagwe kwenye lungo. Nilisimama mlangoni muda mrefu mpaka kuku wakanizoea.

"Wewe njo Furaha, binti ya Mama Furaha wa alto," Maestro alisema mwishowe. "Umekuya juu ya nini?"

Nilitazama ndala zangu. "Maestro, ile sauti ya mu video... njo mimi."

"Najua njo wewe. Kasha yote inajua." Kisha akasema, "Fanya."

"Nifanye nini, Maestro?"

"Unifanye mimi. Batu bote balinisikia, ni mimi tu sijajisikia."

Nikamwomba ruhusa ya kugeukia ukuta. Aliniruhusu. Nikavuta sikio, nikakohoa, nikasema, "Bassi, munalala? Hapa haiko oteli!" Nyuma yangu nilisikia maharagwe yakimwagika. Maman Julienne alikuwa ameficha uso kwenye lungo.

"Julienne, na wewe?"

"Unisamehe, muzee. Lakini njo wewe kabisa."

"Apana," alisema Maestro. "Haiko mimi. Mimi ninakohoa mara mbili. Huyu mutoto amekohoa mara moja."

Nilidhani ananitania, lakini uso wake haukucheka. Aliniambia nikae, nimweleze wimbo wenyewe, tangu mwanzo. Nilimweleza safu ya wapeleka barua, taa, wacheza dansi, pazia jekundu na maua. Kadiri nilivyoeleza alizidi kuinama mbele, na redio ikateleza mapajani.

"Lakini ile haiko kwaya," alisema. "Ile ni opereti, muchezo ya kuimba! Mimi nilicheza opereti ku shule ya bapadri. Basichana habakukuwako, donc mimi njo nilikuwa mama ya bibi-arusi, na robe ya rido ya refektwari, pale tulikuwa tunakulia."

"Haujaniambiaka ile," alisema Maman Julienne.

"Haukuuliza. Sikia, Furaha. Mama ya bibi-arusi anataka kuambia mutoto wake, usiende. Mais siku ya ndoa hawezi kusema ile neno mbele ya bakwe. Njo muziki inaanza. Mutu anaimba pale kusema imemushinda. Hajalogwa." Akavuta sikio, akakohoa mara mbili, akaimba sauti ya chini mstari wa yule mama. Sikuelewa maneno, yalikuwa ya Kifaransa cha zamani. Maman Julienne aliacha maharagwe yake.

Alipomaliza alinitazama. "Batu ba katuni yako banacheka opereti, ni kweli. Lakini ile muziki haingekuwa muzuri vile kama habaipendi. Sasa wewe. Ulikuwa unanicheka tu?"

Ni swali gumu kuliko yote niliyoulizwa katika kazi hii. "Toka niko mudogo," nilisema, "kila Jumamosi ninangojea mama inje, ku dirisha ya parokia. Ninakusikiliza. Hakuna sauti ya mutu ninajua kama yako. Njo maana ilitoka ya kwanza."

Hakusema kama amesamehe. Hakusema kama atarudi kwenye kwaya. Alisema, "Jumapili nitakuya kuona," akawasha redio.

Jumapili ile niliweka jicho kwenye tundu la benchi, nikamwona anaingia na kofia yake na suti ya kahawia. Mtoto mmoja alianza kunyanyua mkono kuelekea sikio, mama yake akaupiga. Maestro aliketi benchi la mbele, magoti pamoja, kama mtu aliyeitwa mahakamani. Kipindi kilianza. Nilifasiri vibaya, maneno yalinikauka. Wimbo ulipokaribia, Papa Safari alikuja nyuma yangu akanong'ona kwa sauti yake ya konvoyeri, ambayo benchi tatu zilisikia: "Ruka! Furaha, leo ruka!"

Telekomande ilikuwa mkononi, na kifungo cha kukimbiza picha ni kimoja kati ya vile vitatu vinavyokubali. Ningekibonyeza, mama mwenye karanga angeingia, na Maestro angerudi nyumbani akijua kwamba kwa kila mtu pale yeye ni kitu cha kurukwa. Nilibonyeza kingine. Picha ikasimama, wapeleka barua wamefungua vinywa. Nikatoka mbele ya rido.

Sikutoka mzima. Waya wa mikro ulikuwa mfupi, ukanishika ukingoni, nusu nje, nusu ndani. Niliwaona watu wote mara moja, bila tundu. Mtoto mmoja akasema, "Kumbe ni mutu muzima!" Nilitaka kusema yale niliyokuwa nimeyaandika mkononi kwa kalamu, lakini jasho lilikuwa limeyafuta, kwa hiyo nikasema mengine:

"Huyu wa mu ekra haiko Maestro. Ni mimi nilimuwekea sauti ya Maestro, bila kumuuliza. Munacheka, ni sawa, ni mimi nilibachekesha. Lakini njo yeye anafundisha bamama zenu kuimba, na sasa hakuna anayebafundisha. Maestro, pardon. Mbele ya bote."

Hakuna aliyepiga makofi. Papa Safari alikuwa ameshika kichwa. Maestro alisimama polepole, nikajua anaondoka. Alitazama mlango. Kisha alitazama ekra, akatazama yule mzee mwenye shingo ndefu, kwa muda.

"Shingo, ni kweli," alisema. Akageukia benchi. "Hii haiko kwaya, ni opereti. Hawa batu ba posta, shefu wao anafukuza mwenzao. Banaogopa kumwambia asimufukuze. Donc banafanya nini?"

"Banaimba," alisema mtoto mmoja.

"Na nyinyi munangojea nini? Furaha, rudisha mwanzo. Maneno tutaweka yetu: *Barua yangu nani ataleta?* Mara ine, ni ile tu. Bamama, juu. Bapapa, bassi, musilale." Akanyanyua mkono wa kushoto. Ukumbi wote ukazuia pumzi, kila mtu akiogopa kutazama. Akavuta sikio lake. "Muvute na nyinyi. Mutu akishika sikio anasikia sauti yake mwenyewe. Njo kazi yake."

Basi watu wote wa Kasha waliokuwa pale, wakubwa na wadogo, walishika masikio yao, na hakuna aliyecheka, au walicheka lakini waliimba. Mkubwa wa posta alipoanza kulia kwenye ekra, hakuna aliyeuliza analia nini. Mama mwenye karanga alisimama mlangoni na beseni lake kichwani mpaka mwisho.

Jumamosi iliyofuata Maestro alirudi kwenye kinanda, akachukua fimbo yake pale alipoiweka, hakuna aliyekuwa ameigusa. Noeli ile mama aliimba alto mpaka sauti ikakauka.

Tangu siku hiyo tulifanya kazi wawili. Kila wiki nilimpelekea Maestro nyimbo kwenye simu, akasikiliza, akaniambia hapa wanaigiza mchezo wa mapenzi, hapa wa vita, hapa huyu anayeimba peke yake kwenye mwanga mmoja anajidai mfalme na ni mwuza samaki. Asipojua alisema sijui, na tuliweka maneno yetu. Sikuwahi tena kumpa mtu wa katuni sauti ya mtu wa mtaa bila kwenda kwanza uani kwake kumwomba. Fanyeni hivyo hivyo. Wengi wanakubali. Muuza mkaa wa Bagira alikataa, tukamwacha, na yeye mwenyewe baadaye alikuja kuuliza kwa nini hayumo.

Jumapili yangu ya mwisho mlikuwepo. Neema, wewe ulifasiri, na mimi nilikaa kando yako nyuma ya rido bila kazi, kikombe cha tangawizi mkononi. Papa Safari alichagua kipindi cha wapeleka barua. Maestro alikuwa benchi la mbele na fimbo ya kutembelea, siku hizi miguu inamsumbua. Wimbo ulipofika picha ikasimama kama desturi, na watu wakamngojea anyanyuke kuwaongoza. Hakunyanyuka. Aligeuza ile shingo yake akatazama rido, na watoto wote wakageuka na kutazama alipotazama, wameshika masikio yao.

Sauti sikuwa nayo, lakini kazi ile haihitaji sauti. Nilikupa kikombe, Neema, unakumbuka. Nilitoka mzima, maana sikushika mikro na waya haukunizuia. Nikawatazama. Nikavuta sikio langu, nikakohoa mara mbili, wakauingia wimbo pamoja.